Vyuo vya kilimo vifundishe pia kutunza ujuzi

Mnamkumbuka kantangaze? Alipoingia nchini mwaka 2014, wengi walimfahamu kwa hasara. Watu walipiga dawa ileile kila wiki mpaka mdudu akaizoea. Wapo waliogundua mapema kwamba kubadilisha aina ya dawa, kuweka mitego ya feromoni na kuteketeza masalia ya nyanya kunasaidia. Lakini ujuzi huo ulibaki vichwani mwao. Jirani wa kata ya pili alianza upya, kwa hela yake.

Hapo naona vyuo vyetu vina deni. Kuanzia MATI hadi SUA, mwanafunzi anasoma udongo, magonjwa, mbegu na masoko, na ni sawa kabisa. Kinachopewa nafasi ndogo ni jinsi ya kuukusanya ujuzi, kuuhakiki, kuuandika na kuukabidhi kwa mwingine. Hilo ni somo, siyo kipaji.

Wajapani wawili, Nonaka na Takeuchi, walilieleza vizuri kwenye kitabu chao cha mwaka 1995. Kampuni ya Matsushita ilitaka kutengeneza mashine ya mkate ya nyumbani, ikawa haikandi unga vizuri. Mtaalamu wao akaenda kujifunza kwa mwokaji mkuu wa hoteli moja ya Osaka. Akaona namna anavyouvuta unga huku akiuzungusha, na mashine ikaundwa ifanye hivyohivyo. Ujuzi wa mikono ukageuka kitu ambacho wengine wanaweza kutumia.

Mwanafunzi wa kilimo naye afanye hivyo. Akija field, akae na mkulima mmoja msimu mzima na aandike kila hatua. Ripoti isiishie kabatini chuoni, nakala ibaki kwa mkulima na ofisi ya kijiji. Anayekuja mwaka unaofuata aanzie pale mwenzake alipoishia, na apewe alama kwa hilo.

Utasema, si kuna magrupu ya WhatsApp? Yapo, na yanasaidia. Lakini ujumbe wa "piga dawa fulani, inaua" haukuambii kipimo, umri wa zao wala hali ya hewa ilivyokuwa. Na kesho umeshafunikwa na picha za harusi.

Kijana unayelima kibiashara, hili linakugusa mfukoni. Msimamizi wako wa shamba akiacha kazi bila kuandika chochote, ameondoka na misimu yako yote. Kwa hiyo ukiajiri mhitimu au ukipokea mwanafunzi, mdai daftari: tarehe, mbegu, dawa na kiambato chake, kipimo, kilichotokea, mavuno, bei. Akisema hajafundishwa, mwambie aanze leo. Vyuo navyo vikisikia waajiri mnadai hivyo, vitafundisha.

Mali bila daftari hupotea bila habari, na ujuzi nao ni mali.