Meru Kwenye Bango, CD Jukwaani

Kwenye bango palikuwa na Mlima Meru, umepigwa picha alfajiri, na chini yake majina ya wasanii sita. Nikanunua tiketi. Julai Arusha ni sweta juu ya sweta, lakini kusikiliza muziki nje, ukungu ukishuka kutoka msituni, ni jambo ambalo mji wetu ulipaswa kuwa nalo zamani sana.

Tuliambiwa saa nane mchana. Msanii wa kwanza alipanda saa mbili usiku, giza limeshaumeza mlima. Hata mchana tusingeufaidi: jukwaa liliwekwa upande wa barabara, hivyo umati mzima uliupa mlima mgongo. Mbele yetu palizungushiwa uzio, na ndani yake sofa nyeupe za VIP. Kwenye sofa hizo walikaa watu kumi na mmoja. Niliwahesabu. Saba walikuwa wanatazama simu.

Saa tano akaja staa. CD ikaimba, naye akarukaruka. Katikati ya wimbo wa pili alimnyooshea shabiki maiki, na sauti yake ikaendelea kutoka kwenye spika, tamu, bila hata kuhema. Tukashangilia. Mimi pia nilishangilia, na hilo ndilo linaloniuma zaidi ya ile elfu ishirini.

Waandaaji wana jibu lao tayari: Mtanzania hataki muziki wa laivu, anataka kumwona staa. Si kweli, na wanajua si kweli. Msondo walianza 1964 wakiitwa NUTA Jazz, Sikinde wakaja 1978, na watu wakawachezea hadi usiku wa manane huku wapuliza tarumbeta wakitokwa jasho mbele yao. Hapa kwetu, pita Sakina au Sanawari Jumapili asubuhi. Kanisa la mabati matupu lina kinanda, gitaa la besi na kijana wa miaka kumi na sita anayezitandika dramu kama anazidai. Sadaka inaweza, kiingilio hakiwezi?

Wakishindwa hapo wanaleta gharama na hali ya hewa. Gharama nazikubali. Hali ya hewa, hapana. Tamasha la Fuji Rock la Japani lilifanyika mara ya kwanza 1997, chini ya Mlima Fuji. Kimbunga kikawapiga siku ya kwanza, siku ya pili ikafutwa. Mwaka uliofuata wakajaribu Tokyo, na 1999 wakahamia Naeba, kwenye milima ambako watu huteleza juu ya theluji majira ya baridi. Ni mbali na Fuji, lakini jina hawakuliacha. Watu hupanda huko mwishoni mwa Julai na makoti ya mvua na mabuti, wakitembea msituni kutoka jukwaa moja hadi jingine. Sisi ikinyesha manyunyu tunasema Arusha haina watu wa shoo.

Wala si lazima kwenda Japani. Sauti za Busara ilianza Zanzibar 2004 na imeshikilia muziki wa laivu. Mwaka 2016 haikufanyika kwa kukosa fedha. Mwaka 2017 ikarudi, na haikurudi na CD.

Na wa kupanda jukwaani tunao. X Plastaz walitoka mji huuhuu. Walichanganya rap na uimbaji wa Kimasai wa Merege, aliyetumia koo lake mwenyewe, na 2004 albamu yao ikatolewa na lebo ya Ujerumani. Wazungu waliisikia Arusha. Sisi tunauziwa picha ya mlima.

Nirudi usiku ule. Staa alikuwa kwenye wimbo wa tatu jenereta lilipozima. Giza, miluzi, matusi mawili matatu. Kisha nyuma kabisa, kwa wachoma mahindi, chalii mmoja akaanza kupiga ndoo. Mwenzake akachana mistari kuhusu kodi ya chumba na bodaboda aliyonyang'anywa na mwenye mali. Mama wa mahindi akadaka kiitikio. Tukageuka, mamia yetu, na kwa mara ya kwanza siku ile tukawa tumeuelekea mlima. Ukungu ulikuwa umefunguka kidogo; ulikuwa pale, mweusi, mkubwa kuliko nilivyoukumbuka. Watu wa sofa walitoka ndani ya uzio wao wakaja kusimama nasi kwenye matope.

Dakika kumi na tano hivi. Halafu jenereta likawaka, spika zikakoroma, MC akatuomba radhi kwa usumbufu uliojitokeza. CD ikaendelea palepale ilipokatikia.

Usumbufu!

Julai ijayo bango litabandikwa tena. Sitauliza nani anakuja. Nitauliza nani anapiga dramu, na jukwaa linatazama wapi. Muuza tiketi asipojua, elfu ishirini yangu naipeleka kwa yule mama wa mahindi.