Matege Katika Nchi ya Jua

Kwa miaka mingi imeaminiwa kwamba matege ni maradhi ya nchi za baridi. Imani hiyo ina asili yake, kwani madaktari wa Uingereza waliyaeleza maradhi haya kwa kirefu katikati ya karne ya 17, na baadaye yakawaandama watoto wa miji ya viwanda iliyogubikwa na moshi. Lakini ni makosa kudhani kuwa sisi tulio karibu na Ikweta tumesalimika kwa sababu tu jua letu ni kali. Mwaka 2014 ulichapishwa utafiti kuhusu watoto wenye matege katika mtaa wa mabanda jijini Nairobi, nayo maradhi hayo yakatajwa kuwa yanazuilika ila yamepuuzwa. Nairobi haikosi jua. Kinachokosekana ni njia ya jua hilo kumfikia mtoto.

Mifupa ya mtoto hupata ugumu wake kutokana na madini ya kalisi yaliyomo katika chakula. Ili utumbo uyafyonze madini hayo ipasavyo, mwili hauna budi kuwa na vitamini D, ambayo sehemu yake kubwa hutengenezwa katika ngozi inapopigwa na miale ya jua. Mnamo mwaka 1919 daktari Kurt Huldschinsky wa Berlin aliwatibu watoto wenye matege kwa mwanga wa taa maalumu, ikadhihirika kuwa mwanga nao ni dawa. Mtoto akiikosa vitamini hii mifupa yake hubaki laini, miguu hupinda kwa uzito wa mwili, vifundo vya mikono huvimba, na meno huchelewa kuota. Wala madhara hayaishii miguuni. Utafiti wa Ethiopia uliochapishwa mwaka 1997 ulionyesha kuwa matege yalikuwa mengi zaidi kwa watoto wenye nimonia kuliko kwa wenzao wasio nayo. Na msichana ambaye nyonga yake iliharibika utotoni huenda akapata taabu kubwa siku ya kujifungua.

Hebu sasa tuyatazame maisha ya miji yetu. Mama huondoka alfajiri kutafuta riziki, na mtoto huachwa kwa mlezi mwenye watoto wengi ndani ya chumba kimoja. Nyumba zimebanana hata uchochoro hauoni jua, na kiwanja cha kuchezea kimekwisha jengwa vibanda vya biashara. Mwenye dirisha la kioo naye asijidanganye, kwa maana kioo huizuia miale inayohitajika. Mtoto mchanga hufunikwa gubigubi kwa kuogopa baridi, ilhali ngozi nyeusi huhitaji kukaa juani muda mrefu zaidi kuliko nyeupe. Maziwa ya mama, ambayo hayana mfano kwa ubora, yana vitamini D kidogo tu. Na uji mtupu wa mahindi anaoachishiwa ziwa una upungufu wa kalisi.

Juu ya hayo, mama hulaumiwa na majirani kwamba alimsimamisha mtoto mapema au alimbeba vibaya mgongoni. Lawama hizo si za haki, na ubaya wake ni kwamba humfanya amfiche mtoto ndani, mahali pale pale palipomdhuru.

Ni kweli kwamba si kila mguu uliopinda una chanzo kimoja. Miguu ya watoto wengi hupinda kidogo mpaka kufikia umri wa miaka miwili, kisha hunyooka yenyewe. Kandokando ya Mlima Meru, floridi iliyozidi katika maji hupindisha mifupa. Nchini Nigeria imeonekana kuwa watoto wanaopata jua la kutosha huugua matege kwa kukosa kalisi. Ndiyo maana mtoto apelekwe kliniki apimwe, badala ya kununuliwa dawa kwa kubahatisha. Vitamini D ikizidi kipimo ni sumu.

Tunatoa wito kwa wazazi na walezi kuwatoa watoto nje kila siku, mikono na miguu ikiwa wazi, jua likiwa limekwisha panda lakini kabla halijaunguza. Watoto wenye ualbino wasihesabiwe humo. Hao wakingwe na jua, na daktari aulizwe namna ya kuwapatia vitamini hii. Dagaa wanaoliwa na mifupa yao, mayai na maziwa viongezwe katika chakula cha mtoto kadiri ya uwezo.

Hata hivyo, haifai kumwachia mama mzigo wote. Wauguzi wanaopima uzito wa watoto waulize pia kama mtoto anatoka nje, na matone ya vitamini D, ambayo katika nchi nyingi watoto wachanga hupewa vizio 400 kwa siku, yapatikane kliniki kwa wanaoyahitaji. Halmashauri za miji nazo zilinde viwanja vya watoto kama zinavyolinda barabara, wala zisiruhusu nyumba za kulelea watoto zisizo na ua. Usipoziba ufa utajenga ukuta: upasuaji wa kunyoosha mguu wa kijana ni ghali, na jua la kuuzuia usipinde linawaka bure juu ya mapaa yetu kila siku.