Gereji Bubu ni Ipi Hasa?

Ofisi zetu zina msamiati mmoja unaoniudhi: gereji bubu. Kwa maana ya kiofisi ni ile ya chini ya mti, isiyo na leseni wala kibao, yenye udongo mweusi kwa oili. Mgambo wakitumwa, huelekea huko. Naikataa maana hiyo. Gereji bubu ni ile isiyoweza kumweleza mteja gari lake linaumwa nini, na imejuaje.

Kwetu Masama hili si suala la anasa. Ukiiacha barabara kuu ya Moshi na Arusha pale Kwa Sadala, unaanza kupanda, na gari hupanda kwa gia nzito likiwa na ndizi, maziwa, waombolezaji, na usiku mwingine mama mwenye uchungu wa kujifungua. Mlimani ndipo injini husema maradhi yake. Mgongo mwepesi wa chuma unaosikika wakati wa kukwea na kupotea kwenye tambarare, mara nyingi ni petroli inayolipuka vibaya ndani ya silinda. Mgongo mzito unaoambatana na taa ya oili huashiria beringi za konrodi. Hapo zima injini papo hapo, usithubutu kuifikisha nyumbani. Mlio unaofuata mwendo wa magurudumu hata gari likiwa halina gia, tafuta kwenye magurudumu.

Gari langu lilipoanza kunguruma, gereji moja ya mjini, yenye sakafu ya vigae na risiti za EFD, haikulisikiliza hata dakika tano. “Daktari, injini imekwisha. Tuishushe.” Bei ilizidi mshahara wangu wa mwezi. Nikauliza wamejuaje, nikajibiwa, “Uzoefu.” Mwanafunzi wangu akijibu hivyo kwenye mtihani hupata sifuri.

Nikaangalia oili, nikaondoka. Huku juu, mzee mmoja asiye na leseni alichukua bisibisi ndefu, akagusisha ncha kwenye chuma na mpini sikioni, akahama sehemu moja hadi nyingine. Kisha akavua mkanda wa feni na kuiwasha injini kwa muda mfupi. Mlio ukatoweka. Ilikuwa beringi ya altaneta. Alipomaliza kazi alinikabidhi ile kuukuu bila kuombwa.

Sisemi kila fundi wa chini ya mti ni mwaminifu. Wapo wanaochomoa spea yako nzima na kukurudishia chakavu. Nasema leseni ya biashara haipimi ujuzi wala uaminifu. Huwezi kufanya kazi ya uhandisi nchini bila kusajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, lakini mwenye spana yeyote anaweza kushusha injini ya gari la abiria. Trafiki atakagua kizima moto na stika. Nani amemkagua aliyefunga breki?

Watumishi wa umma mnaonisoma, gari la serikali hupitia TEMESA, tena kwa makaratasi. Kwa nini mkulima wa kahawa aridhike na neno la mdomo? VETA, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1994, inao utaratibu wa kupima na kurasimisha ujuzi uliopatikana kazini. Mzee yule anastahili cheti hicho kuliko anavyostahili kufukuzwa na mgambo. Nayo Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumdanganya mlaji, ila mlaji asiye na karatasi atathibitisha nini mbele ya yeyote?

Karatasi ninayoidai ni ya mistari minne: mlio gani umesikika, umepimwaje, nini kitabadilishwa na kwa bei gani, na spea kuukuu irudi kwa mwenye gari. Halmashauri ya Wilaya ya Hai inaweza kuanza hata mwaka huu kwa kuwakabidhi wenye gereji fomu hiyo wanapokuja kukata leseni. Wanaharakati mnaotafuta ajenda, mwulizeni diwani wenu kabla ya kikao kijacho cha baraza.