Kidonge cha Shoga Yako Si Chako

Leo nataka tuzungumzie vidonge tunavyopeana. Kwenye shughuli zetu hapa Uingereza nimesikia mara nyingi: "Shoga, hivi vilinisaidia, jaribu na wewe." Nia ni njema, lakini sonona haina sura moja.

Yuko mwanafunzi ambaye kila ikifika Novemba, giza likiingia saa kumi jioni, hulala kupita kiasi na kula bila kushiba. Aprili ikifika, amechangamka. Hiyo ni sonona ya majira, iliyoelezwa na Norman Rosenthal na wenzake mwaka 1984. Wengi husaidiwa na taa maalumu ya luksi 10,000, nusu saa kila asubuhi.

Yuko mzazi aliyejifungua mbali na mama wa kumkanda. Wiki mbili zimepita, kilio hakijaisha. Mkunga au daktari aambiwe mapema. Kama ananyonyesha, dawa huchaguliwa kwa kuliangalia hilo.

Na yuko ambaye mwezi huu hainuki kitandani, mwezi ujao halali, anamwaga pesa, maneno yanamtoka mbio. Huenda huyo ana baipola. Dawa ya kawaida ya sonona, akiitumia peke yake, inaweza kumpandisha wazimu. Kidonge kilichokuokoa wewe kikamwangamiza yeye.

Hata wawili wenye sonona ya aina moja hutofautiana. Kwa urithi wa jeni, ini la mmoja huvunja dawa upesi, la mwingine polepole. Mwingine kumbe tezi ya shingo imezembea, na kipimo cha damu ndicho hukionyesha chanzo. Katika utafiti mkubwa wa Marekani uitwao STAR*D, kiasi cha mtu mmoja tu kati ya watatu alipona kwa dawa ya kwanza. Kwa hiyo ya kwanza ikishindwa, usikate tamaa wala usiache ghafla. Mara nyingi huchukua wiki kadhaa kufanya kazi. Rudi kwa daktari. Wengine hupona kwa tiba ya mazungumzo, wengine kwa vyote viwili.

Kama Kiingereza kinakupiga chenga, omba mkalimani. Mtoto wako asibebeshwe kazi hiyo. Na mawazo ya kujidhuru yakikujia, usingoje miadi: Uingereza piga 116 123, Marekani 988, usiku na mchana.