Mizani ya dukani hukaguliwa, ya vifaranga je?

Ukipita Mbagala, Chamazi, Bunju au Mbweni siku hizi, si ajabu kukuta bango la kipande cha bati: "Tunatotolesha vifaranga, lete mayai yako." Nyuma ya bango hilo kuna kabati la mbao au jokofu bovu lililogeuzwa kuwa mashine, lenye balbu, feni na kidude kinachoonyesha joto kwa tarakimu nyekundu. Mafundi wetu wanastahili pongezi, kwani mashine hizo zimempa mfugaji mdogo nafasi ambayo zamani ilikuwa ya wenye mtaji mkubwa. Lakini tarakimu zile nyekundu tunaziamini mno.

Mashine yenye feni huhitaji nyuzi joto 37.5 hadi 37.8 kwa siku nyingi kati ya 21 za kutotolesha. Joto likizidi kidogo, vifaranga huwahi, wengine hufia ndani au hunata kwenye ganda. Likipungua, huchelewa hadi siku ya 22 au 23 na hutoka wanyonge, vitovu havijafunga. Nyuzi moja tu, ambayo mtu haihisi mkononi, inatosha kuharibu trei nzima.

Mwaka nilipoanza nilipakia trei sita. Waliototolewa hawakujaza trei moja na nusu. Nikamlaumu aliyeniuzia mayai, nikasema majogoo wake wazee. Tulinuniana miezi miwili. Baadaye nikagundua kwamba mashine iliyokuwa ikiandika 37.6 ilikuwa kwenye 36 na kidogo. (Nilimwomba radhi, na hadi leo bado ananipandishia bei.)

Kosa linatoka wapi? Mashine nyingi za hapa hutumia kihisi joto kidogo chenye miguu mitatu, kama LM35, kinachotoa milivolti 10 kwa kila nyuzi moja. Kwa hiyo nyuzi 37.5 ni milivolti 375. Kompyuta ndogo iliyo ndani ya chipu husoma umeme huo na kuubadili kuwa namba. Kwanza, kihisi chenyewe cha aina ya bei nafuu kinaruhusiwa na mtengenezaji wake kukosea hadi nyuzi moja na nusu. Pili, chipu inayogawa volti 5 katika vipande 1,024 huona nusu nyuzi kwa kila hatua, si chini ya hapo.

La tatu ndilo baya zaidi. Chipu hupima kwa kulinganisha na umeme unaoiendesha, ikidhani ni volti 5 kamili. Fundi akitumia chaja ya simu ya bei ya kutupa, feni na swichi ya balbu zikivuta, volti 5 zinaweza kushuka hadi 4.7. Hapo chipu itaona joto kubwa kuliko lililopo na kuzima balbu mapema. Kioo kitaandika 37.5, mayai yatakuwa kwenye nyuzi 35 na robo. Fundi anayejua kazi ataiambia chipu itumie kipimo chake cha ndani cha volti 1.1, na hatua itakuwa kama sehemu ya kumi ya nyuzi. Hata hicho hutofautiana kati ya chipu na chipu, kwa hiyo kupima hakukwepeki.

Kupima kwenyewe si kazi ya wasomi tu. Nunua duka la dawa kipimajoto cha homa cha tarakimu. Hicho kimetengenezwa kwa ajili ya joto la mwili, ambalo ndilo jirani la joto la yai. Weka maji ya uvuguvugu kwenye chupa ya chai, funga kihisi ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha maji, uvitumbukize pamoja, koroga na usubiri dakika kadhaa. Kipimajoto cha homa hushikilia namba ya juu kabisa, kwa hiyo kizime na ukiwashe tena kabla ya kusoma. Kikisema 37.5 na mashine ikisema 38.6, tofauti ni 1.1. Mwambie fundi aipunguze kwenye programu, au wewe panga mashine kwenye 38.6. Fanya hivyo feni na balbu zikiwa zinafanya kazi, la sivyo kosa la umeme hutaliona. Wapo wanaoshauri barafu. Kwa LM35 iliyofungwa kawaida ushauri huo haufai, kwa sababu haisomi vizuri chini ya nyuzi 2.

Mizani ya muuza sukari hukaguliwa na Wakala wa Vipimo na kubandikwa stika. TBS nayo ina maabara ya kazi hii, ambayo wenyewe huiita ugezi. Lakini mashine inayobeba mayai 300 ya mjane wa Toangoma huuzwa kwa maneno ya mdomo. Sisemi kila fundi apeleke kabati lake Ubungo. Nasema fundi awe na kipimajoto kimoja kilichohakikiwa, alinganishe kila mashine nacho mbele ya mnunuzi, na aandike kwenye risiti: tarehe, joto halisi, namba iliyosomwa. Asiyekubali kuandika, mnunuzi na arudi na fedha zake nyumbani. Na wewe unayetotolesha mayai ya watu kwa malipo, rudia kipimo hicho kabla ya kila mzao, mwenye mayai akiwa amesimama hapo.