Mchungaji si wakala wa watoto



Kuna ujumbe ninaotumiwa karibu kila mwezi, na leo naujibu mbele ya wote. "Mchungaji, ukisikia kuna msichana ana mimba na hataki mtoto, utukumbuke." Nawaelewa. Najua maneno mnayorushiwa kwenye harusi na hata matangani, mkiulizwa mnangoja nini. Mmefunga, mmekesha. Lakini jibu langu ni hapana, na si kwa kukosa imani.

Kazi ya kumpatia mtoto familia ina wenyewe, na sheria imeigawa makusudi. Mtoto aliyeokotwa huripotiwa polisi, akaandikwa kwenye OB, na afisa wa watoto akajulishwa. Shirika la kuasili lililosajiliwa lina afisa wa ustawi wa jamii anayewatembelea nyumbani na kuandika ripoti. Mahakama nayo humteua mtu wa kusimamia maslahi ya mtoto peke yake, wala si yenu. Uamuzi ni wa jaji wa Mahakama Kuu. Mchungaji hayumo.

Wengine mnalalamika juu ya huyu afisa wa ustawi. Mbona anauliza mshahara? Mbona anauliza kama tunagombana, anachungulia chumba cha kulala? Mpendwa, yeye anauliza kwa niaba ya mtu ambaye bado hajajua kuongea. Akiogopa kusema hapana, hana kazi anayoifanya. Kwa hiyo msiniombe nimpigie simu "aharakishe". Nikiombwa barua nitaandika ninachokijua. Kama najua nyumba hiyo ina kipigo, nitaandika kipigo, hata kama wewe ni shemasi.

Mnakumbuka mwaka 2020, BBC Africa Eye ilipoonyesha afisa wa hospitali ya umma Nairobi akikubali kumuuza mtoto aliyetelekezwa? Mnunuzi alikuwa mwandishi wa habari aliyejificha. Afisa yule alihukumiwa kifungo mwaka 2023. Kazi yake ilikuwa kumlinda mtoto huyo huyo! Ndiyo maana nasema mtoto asiachwe mikononi mwa mtu mmoja, awe na kitambulisho cha kazi au awe na upako.

Tunapenda kuhubiri Musa kwenye kikapu. Someni tena Kutoka sura ya 2 taratibu. Miriamu anasimama mbali akiangalia kitakachompata mtoto. Binti Farao anampokea. Mama mzazi ananyonyesha, na analipwa mshahara wa kunyonyesha. Hakuna aliyemnunua mtoto. Na Musa alikua akiwajua ndugu zake ni akina nani. Sasa linganisheni na zile "shukrani" za elfu hamsini ambazo mtu humpa mama mchanga hapo Makongeni au Kimbo, halafu mtoto anaandikishwa kana kwamba amezaliwa na huyo aliyelipa. Hiyo ni biashara, hata mkifanya ibada ya shukrani. Na mtoto huyo ataulizia damu yake siku moja.

Sheria haikubali mipango ya kuasili ianze kabla mtoto hajatimiza wiki sita. Nafurahia sana kipengele hicho. Msichana aliyejifungua jana, mwenye uchungu, aliyefukuzwa kwao, hawezi kuamua jambo la maisha leo. Mpeni wiki zake. Wengi tukiwapa chakula na godoro hubaki na watoto wao, na hiyo ndiyo sehemu ambayo kanisa linaweza kuifanya bila kibali cha mtu.

Mnaotaka kuasili, nendeni ofisi ya watoto ya kaunti ndogo yenu, waulizeni ni mashirika gani yamesajiliwa. Nitawaombea njia nzima, na nitakuja kortini mkinialika.

Na wewe binti unayesoma haya kimya kimya ukiwa na mimba: piga 116, hulipi chochote. Ukitaka kuja ofisini kwangu, njoo, Mama Mchungaji atakuwepo. Nambari yako sitampa mtu.