Rangi ya Kabureta

Ndugu msomaji, usishangae kumwona mzee wa miaka sabini na zaidi, aliyemaliza utumishi wake akiwafunza walimu, ameketi kuandika habari za kabureta. Hapa Bulyaga pikipiki ndiyo shamba la vijana wetu wengi, na yanayofanyika katika shamba hilo yananihusu.

Wazee wenzangu husema kijana anayepaka kabureta rangi nyekundu au buluu ni mpuuzi. Sikubaliani nao. Mvua ya Rungwe haina mzaha. Kabureta ya alumini au ya aloi ya zinki ikiachwa wazi hutoka unga mweupe kama chokaa, na huko ndiko kuliwa kwa madini. Hata viwandani, kabureta nyingi za zamani zilitoka na rangi hafifu ya dhahabu, nayo haikuwa pambo bali ngozi ya kemikali ya kromati ya kuzuia kutu. Basi kutaka kabureta ivikwe si dhambi. Ugomvi wangu ni na yule anayemvika kijana wetu kanzu ya karatasi, kisha akamtoza bei ya ngozi.

Nasema habari za kopo la kupuliza. Fundi hupuliza, rangi hukauka kabla chai haijapoa, kijana hulipa fedha ya jasho lake, na pikipiki yenyewe bado ni ya mkataba. Siku boya likikwama, petroli hufurika na kutiririka ubavuni, na rangi yote huvuka kama ganda la ndizi iliyochemshwa. Ukilalamika, fundi atakuambia utumie rangi ya eksozi, ile isiyoogopa moto. Jawabu hilo ndilo linaloniudhi kuliko yote, maana linasikika kama elimu. Hebu tufikiri. Je, adui wa kabureta ni moto? La hasha! Petroli inapogeuka mvuke hufyonza joto. Asubuhi ya Julai iguse kabureta ya injini inayonguruma, utaona ilivyo baridi. Rangi ya eksozi haikomai mpaka iokwe kwa joto kali la eksozi yenyewe. Ukiipaka mahali pa baridi hubaki mbichi siku zote, na petroli huilamba.

Hiyo ni hasara ya fedha tu. Wapo wanaopuliza kabureta bila hata kuisambaza, na rangi ikaingia katika matundu ya hewa na katika njia ya slaidi. Kijana mmoja wa mtaani kwetu slaidi yake ilinata ikiwa wazi, ana abiria mgongoni, kwenye mteremko wa kuelekea Kyela. Aliachia mkono wa mafuta, injini ikazidi kupaza sauti. Alizima kwa ufunguo, wakaishia katika shamba la chai, wazima. Fundi akasema kosa ni la waya. Nilikuwapo kabureta ilipofunguliwa: rangi nyekundu ilikuwa imeganda ndani kabisa. Waya gani huo?

Rangi inayofaa ni ile ya unga, inayooneka kwenye fremu za madirisha ya alumini. Unga hunaswa kwa umeme, kisha kitu huokwa tanurini kwa nyuzi 180 hadi 200 za Sentigredi. Kabla ya hapo jeti, sindano, boya na mipira yote vitolewe, na matundu yazibwe, pamoja na nyuso zinazokutana. Madini ya kusubu huficha hewa, kwa hiyo iokwe kwanza ikiwa tupu, la sivyo rangi itafanya malengelenge. Wengine husifu anodaizi, ya kuzamisha katika asidi yenye umeme. Ni nzuri kwa alumini safi, lakini alumini ya kusubu ina silikoni nyingi, hutoka kijivu chenye mabaka. Na zinki huliwa na asidi hiyo.

Asiye na tanuri atafute epoksi ya makopo mawili yanayochanganywa, apake juu ya madini yaliyopigwa msasa na kuoshwa mafuta yote, aiache ikomae wiki nzima.

Na wewe kijana, kabla hujalipa, mwambie fundi apake rangi yake kwenye kipande cha bati. Ngoja siku ambazo yeye mwenyewe atasema zinatosha, kisha kilaze kipande hicho ndani ya petroli usiku kucha. Asubuhi kikwangue kwa ukucha mbele yake.